Mahubiri yatukute hapa tulipo

Bwana muhariri, jambo sana. Mimi ni mama wa hapa Goma, nauza makala ya kupikia. Jumapili mhubiri aliongea saa nzima juu ya mchungaji na kondoo mia, kijana wangu akaniuliza, mama, sisi kondoo tuko nao wapi, hapa ni mawe ya volkano tu! Nikanyamaza, ile swali iliniumiza juu ni ya kweli. Yesu mwenyewe aliongea na wavuvi juu ya nyavu, na wakulima juu ya mbegu, basi sisi tuambiwe juu ya chukudu, ile kinga ya mbao ya kusukuma, inayopanda mlima na mzigo, ao nyumba tuliyojenga tena juu ya lava ya 2002. Bazee wetu walifuata misa ya Kilatini bila kusikia kitu, mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkubwa wa maaskofu, 1962 mpaka 1965, ukafungulia lugha zetu mlango, halafu 1988 Roma ikakubali misale ya Zaire, kitabu cha misa ya namna yetu hapa Kongo, na imani haikufa hata kidogo. Sisemi Neno ligeuzwe, hapana. Lakini bapadri na bapasta, huyu mtoto anayekesha kwa telefone akitafuta kazi, hofu ya vita imemlalia kifuani, mumwambie Mungu anamuona namna gani leo.

Mama muuza makala, Goma