Barua kwa mwanangu: zile alama mbili

Mwanangu mpendwa,

Huku tu wazima, ila simu yako haipatikani tangu Jumapili na mama yako halali. Ndiyo maana naandika.

Najua ligi ya Uingereza ya msimu huu wa 2023/24 imekuuma. Mimi pia machozi yalinitoka, sikufichi. Arsenal yetu imeshinda mechi 28, imefikisha alama 89, na bado Manchester City wamemaliza na 91. Siku ya mwisho City walicheza na West Ham, na Foden wao alipofunga dakika ya 2 niliona giza. Kisha Kudus wa West Ham akawafunga City kwa ile tikitaka, nikasimama mbele ya televisheni na kikombe mkononi, chai ikanimwagikia mguuni wala sikuisikia. Rodri wa City ndiye aliyenikalisha kwa bao lake. Havertz wetu alipotupa ushindi dhidi ya Everton dakika ya 89, nilishangilia peke yangu nyumba nzima.

Nasikia wengi wanamlaumu Son wa Tottenham kwa sababu walipocheza na City alibaki yeye na kipa wao, akakosa. Mimi simlaumu. Sisi wenyewe tulifungwa na Aston Villa nyumbani 2-0, Aprili 14. Tungeshinda siku ile, leo tungekuwa na 92.

Lakini mwanangu, ada ya chuo ipo?

Mdogo wako amemwambia mama yako kwamba tangu ile sare yetu na City uwanjani kwao Etihad ulikuwa unasema mwaka huu ni wetu, na kwamba uliweka pesa kwenye kubeti. Nilipombana zaidi akaanza kulia, nikamwacha. Sitaki kusikia kwa mdogo wako, nataka kusikia kwako. Ada ipo yote, au imepungua? Chuo kinafungua karibuni na nafasi hiyo uliipata kwa kichwa chako mwenyewe. Hakuna aliyekubeba, na kila ninayekutana naye namwambia. Hesabu unazijua kunizidi. Sasa mtu wa hesabu anashindwaje kuona kwamba mwenye kampuni ya kubeti ameshakata faida yake ndani ya zile odi, yaani viwango vya malipo wanavyopanga, kabla refa hajapuliza filimbi? Hilo limenikera kuliko ligi.

Usidhani nakusema kwa sababu mimi ni msafi. Mwaka 2003 tuliongoza ligi, kisha Leeds wakaja Highbury, uwanja wetu wa zamani, wakatufunga 3-2, ubingwa ukaenda Manchester United. Ile baiskeli ya babu yako mliyoambiwa iliibiwa, mama yako anajua ilikokwenda. Alinyamaza miaka yote hii. Msimu uliofuata Arsenal walimaliza ligi bila kufungwa hata mechi moja, na mimi nilikuwa nakwenda kazini kwa miguu.

Kama pesa imekwenda, sema imekwenda. Nitakasirika, halafu tutatafuta njia. Kunyamaza ndiko kunakotumaliza, maana mama yako ameanza kuwaza mambo mabaya, nami usiku nashika simu kila saa.

Bati la jikoni limetoboka tena, palepale ulipoziba. Mvua ikinyesha tunaweka ndoo. Fundi nimemwambia asubiri, kazi hiyo utaifanya wewe kabla hujaondoka kwenda chuo. Koti lako la kijivu limefuliwa, vifungo viwili mama yako amevishona upya. Jezi yako iko juu ya kabati, hakuna aliyeigusa.

Washa simu. Piga hata usiku wa manane, nitapokea mimi. Na uanze na la ada.

Baba yako.