Achi, usiguse hizo nati!

Sasa Achi,

Huku tuko, mvua haijatuacha, hapa Nakuru toka Free Area hadi Kaptembwa ni gambuti tu, na mathe anakusalimia anauliza kama umenona. Salamu zimeisha. Voisi yako ya jana imenikosesha usingizi.

Ati maji ya bafu ni moto, boila inanguruma vizuri, lakini rediyeta zote, zile chuma za ukutani za kupasha nyumba joto, baridi kama kaburi? Na huyo fundi anataka kukuuzia boila mpya! Achi, kataa. Kwanza angalia kwa kabati la tangi la maji moto, kuna kaboksi kamekalia paipu, waya tano zinatoka. Hiyo ndio vali ya mota, mlango wa kuruhusu maji moto yaende kwa rediyeta, na kama ziko mbili, shughulika na ile ya rediyeta. Mota ndio huifungua ukiitisha joto, ukizima springi inairudisha. Mota ikiungua vali inabaki imefungwa, ndio unalala na koti.

Washa joto kisha usukume kale kamkono ka pembeni. Kakilegea, mota imeshafungua, shida iko kwingine. Kakikaza na kurudi kwa nguvu, vali haijafunguka, ama mota imekufa ama haipati stima. Usiku huu kavute mpaka kajishike kwa mkato wake, uwashe maji moto, boila ikiwaka kuchemsha tangi rediyeta nazo zitapata kidogo.

Sasa nisikie vizuri. Ile waya ya kijivu mara nyingi huwa na stima hata taima ikiwa imezimwa, so zima swichi kuu ya mfumo wote na fundi apime kabla ya kushika kitu. Na usiguse nati za paipu! Mimi kule Leeds nilijifanya mjuaji nikafungua nati badala ya kutoa kichwa cha vali peke yake, hako kaboksi ka mota, maji meusi kama oili ya matatu yakashuka mpaka kwa jirani wa chini, wueh, ile kapeti nililipa mpaka nikarudi Nakuru. Kumbe vali nyingi za siku hizi kichwa kinatoka bila kumwaga hata tone, na za zamani unaweza badilisha mota tu.

Yako kichwa kinatoka ama ni ya zamani? Mbona hukutuma picha? Fundi alisema bei gani hasa? Na Odhi alishakurudishia zile pesa ama bado anakuzungusha? Mtoto analala na soksi ngapi sasa?

Wako,
Njoro