Watengenezaji wa filamu za kale waangalie sarafu na nishani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nizungumzie jambo ambalo kurasa za filamu huliruka wiki hadi wiki. Wachambuzi hutueleza nani kaigiza vizuri na hadithi imeishia wapi, lakini ni nadra kuelezwa ni sarafu gani iliyowekwa mezani au ni nishani gani inayoning'inia kifuani mwa ofisa, ilhali vitu hivyo vina tarehe yake, na anayevifahamu hutambua mara moja kama mtengenezaji alikijua kipindi anachokisimulia.

Mazoea haya niliyarithi kwa babu yangu mzaa mama, aliyepigana Burma mwaka 1944 pamoja na askari wengine wa Afrika Mashariki. Alirudi na nyota ya shaba yenye ncha sita, ambayo utepe wake una mfuo mpana mwekundu katikati na buluu iliyokolea pande zote mbili, na ndani ya kila buluu mmepita mstari mwembamba wa rangi ya machungwa. Alikuwa akinikalisha barazani na kunionyesha rangi moja baada ya nyingine, akisema kwamba utepe unamtaja mtu alikuwa wapi na lini, hata kama mwenyewe amenyamaza. Tangu hapo, nikitazama filamu ya vita, macho yangu hutangulia kifuani mwa mhusika kabla ya kufika usoni.

Chukua filamu ya "Lawrence of Arabia" ya mwaka 1962. Waarabu wanapouteka mji wa Aqaba, jambo lililotokea kweli Julai 1917 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Auda abu Tayi, sheikh wa kabila mmoja wa Waarabu hao, anavunja sanduku akitafuta dhahabu aliyoahidiwa, anakuta makaratasi matupu, naye anawaka kwa hasira. Hapo Lawrence, ofisa wa Kiingereza aliyefuatana nao, anaandika hati ya kumwahidi, kwa niaba ya Mfalme wa Uingereza, gini 5,000 za dhahabu. Mpenzi wa sarafu akisikia neno hilo hushtuka, kwa sababu gini ilitengenezwa kwa mara ya mwisho mwaka 1814, yaani zaidi ya miaka 100 kabla ya vita hivyo, na Waingereza waliendelea kulitumia jina lake kwa hesabu tu, kwa maana ya shilingi 21. Dhahabu iliyokuwa ikimiminwa Uarabuni wakati ule ilikuwa paundi, ile yenye Mtakatifu George juu ya farasi akimuua joka, ambayo ilianza kutolewa mwaka 1817.

Kwa miaka mingi nililihesabu hilo kuwa kosa la mwandishi wa filamu. Siku hizi sina haraka hiyo, kwa kuwa Kiarabu chenyewe kilichukua jina la gini na kulitumia kwa paundi, na hadi leo Wamisri wanaiita fedha yao jineh. Kwa hiyo mtu aliyesimama Aqaba mwaka 1917 akimwandikia sheikh wa Kiarabu angeweza kabisa kutumia neno hilo akiwa na maana ya paundi, na sheikh akamwelewa. Neno moja la fedha limenifanya niitazame upya sehemu ambayo nilidhani nimekwisha kuielewa, na ndiyo faida ninayoizungumzia.

Nyota za mabegani nazo zina mambo yake. "Patton" ya mwaka 1970 inaanza na Jenerali Patton amesimama mbele ya bendera kubwa ya Marekani, kamera ikipita taratibu juu ya nishani zake, huku kofia yake ya chuma ikiwa na nyota 4. Hotuba anayoitoa inatokana na zile alizowahutubia askari wake mwaka 1944, alipokuwa na nyota 3; ya nne aliipata Aprili 1945. Mimi hapo simlaumu mwongozaji, kwa sababu ile ni picha ya mtu huyo kwa ujumla wake kabla hadithi haijaanza.

Ninachokilaumu ni uzembe wetu wenyewe. Mwaka jana nilitazama mchezo wa televisheni, ambao sitautaja jina, uliosimulia ukusanyaji wa kodi mwaka 1905 wakati wa Vita vya Majimaji. Akida ananyoosha mkono, mkulima anamhesabia sarafu, kamera inasogea karibu, na kinachoonekana kiganjani ni senti kumi za shaba zenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu, sarafu ya Waingereza iliyoanza kutolewa mwaka 1921! Mwaka 1905 kodi ilihesabiwa kwa rupia ya Wajerumani, yenye Kaiser Wilhelm wa Pili amevaa kofia yenye tai juu yake. Rupia hiyo ilikuwa na pesa 64, kisha tangu 1904 ikawa na heller 100, na heller hiyo ndiyo mama wa neno "hela" tunalolitamka kutwa kucha. Hata sarafu za Wajerumani zenye tundu zilikuwa bado; ya kwanza, ya heller 10, ilitoka mwaka 1908.

Mkulima yule aliipata rupia kwa shida, na kudaiwa rupia ni sehemu ya machungu yaliyomfanya ainuke. Kumwekea mkononi senti ya miaka 16 baadaye ni kumwondoa katika historia yake. Nalisema hili kwa uchungu kwa kuwa ninaishi Tabora, mji ambao mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, karakana yake ya reli ilitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na herufi T.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwamba ukurasa wenu wa filamu utenge nafasi ndogo kila wiki kwa picha ya sarafu au nishani moja na maelezo ya miaka yake, ili waandaaji wetu wapate pa kuanzia. Wasomaji waliorithi vitu kama hivi wavipige picha kabla hawajavipeleka kwa sonara kuyeyushwa. Nyota ya babu ipo sandukuni kwangu pamoja na utepe wake, na nitawatumia picha yake mara mtakaponijulisha.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tabora