Redio ya RT-524 mliyoiuza kuwa "tayari kwa gari la volti 12"

Lubumbashi

Kwa Meneja wa Mauzo,

Bwana Meneja,

Nawaandikia kuhusu redio ya gari RT-524, ya jeshi la Marekani, niliyoinunua kwenu pamoja na kigeuza umeme cha kupandisha volti 12 za gari ziwe 24. Tangazo lenu lilisema inafungwa moja kwa moja kwenye gari la volti 12. Si kweli. Kwa vifaa mlivyonipa, redio hii inasikiliza tu, hairushi sauti inayoeleweka.

Redio yenyewe sina ugomvi nayo. Inaanzia megahezi 30 hadi 75.95, kwa hiyo bendi ya mita 6 (kuanzia megahezi 50), tunayoitumia sisi wa redio ya ridhaa, yaani tunaowasiliana kwa redio kwa kupenda tu, si kwa biashara, imo ndani. Inapanda kwa hatua za kilohezi 50, na kizima-kelele chake, kinachonyamazisha spika mpaka mtu aongee, kinaweza kusubiri toni ya hezi 150 kutoka kwa anayerusha ndipo kifungue sauti. Mwenzako akiwa na redio ya kisasa isiyotuma toni hiyo, unaweka swichi kwenye OLD ON, mnaongea. Ndivyo ilivyoundwa, na nilijua kabla ya kulipa.

Tatizo ni umeme. RT-524 iliundwa kwa magari ya jeshi ya volti 24, na ikirusha kwa nguvu ya juu inavuta kama ampea 10. Hizo ni wati 240. Kwenye betri ya volti 12 ni ampea 20 na zaidi, maana kigeuza nacho kinakula chake. Ninyi mmenipa kigeuza kilichoandikwa ampea 5, chenye waya mwembamba unaoishia kwenye plagi ya tundu la kuwashia sigara! Kwenye Land Cruiser yangu tundu hilo lina fyuzi ya ampea 15. Fundi yeyote wa umeme wa magari kwenye mitaa ya Kenya au Katuba hapa Lubumbashi angewaambia haiwezekani kabla hamjafunga katoni.

Nikibonyeza kitufe cha maikrofoni, relei (swichi ya umeme iliyo ndani ya redio) inagonga, taa inafifia, feni inaanza kuzunguka na kusita, kisha relei inaachia. Inashika tena, inaachia tena. Wenzangu wanasikia vipande vipande, hakuna neno linalotoka zima. Plagi imepata moto mpaka plastiki yake imelainika. Niliazima betri mbili, nikaziunganisha kupata volti 24, na redio ileile ikarusha safi kabisa. Basi redio ni nzima. Kibovu ni mlichokiita "kifaa cha gari".

Kuna sehemu za barabara ya Likasi ambapo simu haina mtandao. Tunaposafiri magari mawili, redio ndiyo inayomjulisha wa mbele kwamba wa nyuma amekwama. Ndiyo sababu niliinunua.

Kuna pia suala la karatasi. Faktura (ankara) yenu imeandikwa "vifaa vya umeme", basi. Redio ya kijani yenye maandishi ya jeshi ndani ya gari la raia, hapa kwetu Kongo, huwezi kuieleza kwa mdomo tu kwenye bariere, kizuizi cha ukaguzi barabarani. Kibali changu cha redio ninacho, lakini hakionyeshi chombo kimetoka wapi. Muuzaji wenu aliniahidi faktura yenye aina ya redio, namba yake, na maelezo kwamba jeshi liliiuza baada ya kuacha kuitumia. Sijaipata, kwa hiyo sithubutu kutoka nayo mjini.

Naomba mnitumie kigeuza kinachotoa volti 24 na ampea 15 bila kuchoka, chenye waya mnene wa kuunganisha moja kwa moja kwenye betri na fyuzi yake karibu na betri, pamoja na faktura iliyokamilika. Kama hamna, ichukueni redio kwa gharama yenu na mnirudishie pesa zote, pamoja na za usafirishaji. Tangazo pia mlirekebishe, kwa sababu bado lipo na watu wanaendelea kulisoma.

Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14.

Mteja wenu