Risala ya Wasichana wa Ufundi Magari kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Sabine Schmitz

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kufika karakanani kwetu. Wapo walioalikwa kabla yako wakatuma wawakilishi. Wewe umekuja mwenyewe, nasi tumelipokea hilo kama dalili njema.

Mheshimiwa, kikundi chetu kilianzishwa na wasichana waliokuwa wakishauriwa wahamie ushonaji. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa: tuna katiba, fulana zenye nembo na sanduku la spana, na pikipiki za walimu haziendi tena mjini kwa matengenezo madogo. Aidha, tunarekodi kwa simu vipindi vya Kiswahili kuhusu klachi, breki na radieta, na vinatazamwa hadi nje ya mkoa.

Ndiyo maana tunamkumbuka Sabine, dereva wa mbio za magari. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1969, akakulia jirani na Nürburgring, mzunguko wa mbio za magari, ambako wazazi wake walikuwa na hoteli. Mwaka 1996 yeye na wenzake walishinda mashindano ya saa 24 ya hapo kwa BMW M3, akawa mwanamke wa kwanza kuwa mshindi wa jumla. 1997 akashinda tena. Aliendesha pia BMW ya kuwazungusha abiria wanaolipa katika njia ile ya kilomita 20.8. Televisheni ikamfuata hukohuko. Mwaka 2004 Jeremy Clarkson wa Top Gear, kipindi cha magari cha televisheni ya Uingereza, alihangaika na Jaguar ya dizeli hadi akamaliza mzunguko mmoja kwa dakika 9 na sekunde 59. Sabine akachukua gari lilelile akatumia dakika 9 na sekunde 12. Baadaye akazunguka na Ford Transit, gari la mizigo, kwa dakika 10 na sekunde 8! Akatangaza kipindi cha magari kwao Ujerumani, na 2016 akawa mtangazaji wa Top Gear. Saratani ilimchukua tarehe 16 Machi 2021. Kona ya kwanza ya mzunguko ule sasa ina jina lake.

Mheshimiwa, Sabine alisimama mbele ya kamera akiwa ameshazunguka pale mara maelfu. Sisi gari hatuna. Lililopo ni bodi tupu. Injini ya kufundishia iko juu ya meza na haiwaki. Msichana anahitimu akijua kila kifaa cha giabox, lakini hajawahi kubadili gia mlimani. Anapokwenda kuomba kazi, gereji humwambia aingize gari ndani, naye hana leseni. Wavulana hujifunza mitaani, wakiachiwa usukani na kaka zao na madereva wa daladala. Sisi hatuachiwi.

Gari la kujifunzia tumeshaahidiwa, tena hadharani, kwa makofi. Mgeni rasmi wa kwanza alitueleza kuwa liko bandarini. Aliyemfuata alitaka barua. Tuliandika, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa tunayo. Banda la kuliegesha lilijengwa kwa michango ya wazazi, na mabati yake yameanza kupata kutu. Wazazi hao wameketi hapa leo, na kila kikao wanatuuliza.

Hatuombi gari jipya. Pikapu iliyotumika inatosha, mradi iwe ya gia za mkono, injini iwake, na kadi iandikwe jina la chuo. Matengenezo tutafanya wenyewe. Utusaidie pia bima ya mwaka wa kwanza.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunakuomba, utakapotuhutubia, ututajie mwezi wa kulipokea na ofisa wa kumfuatilia. Katibu wetu yuko mstari wa mbele na daftari.

Tunaomba kuwasilisha.