Kwa kina mama wenye vichanga: msimkwangue mtoto kichwa

Wanangu wapendwa,

Wiki chache baada ya kujifungua, wengi wenu mtaona kichwani mwa mtoto magamba ya manjano, yana mafuta, yameganda kama ukoko. Mara nyingine hushuka mpaka kwenye nyusi na nyuma ya masikio. Wanaokuja kumwona mtoto watayatazama, kisha watakutazama wewe.

Usiinamishe kichwa. Huo ni mba wa watoto wachanga, wala si uchafu. Hauambukizi, na kwa kawaida haumwashi mtoto: ananyonya, analala, anayehangaika ni mama. Inaaminika kwamba homoni za mama, ambazo mtoto huzaliwa nazo mwilini, huchochea tezi za mafuta za ngozi yake; mafuta yakizidi, ngozi iliyokufa hushikamana badala ya kupukutika. Fangasi aitwaye Malassezia, anayeishi kwenye ngozi zetu sote, naye hustawi humo.

Sitawadanganya kwamba ipo dawa ya kuuzuia kabisa. Haipo. Kinachowezekana ni kuuzuia usirundikane, na hapo nawasihi mnisikilize. Mwosheni mtoto nywele mara 2 au 3 kwa wiki kwa shampuu laini ya watoto, msuuze mpaka povu liishe. Na utosi msiuruke! Nimeona kina mama wengi wakiosha kisogo na pande zote, wakifika pale panapopwita mkono unarudi nyuma kwa hofu. Pale pana utando imara chini ya ngozi. Kiganja laini chenye povu hakimdhuru mtoto. Pasipooshwa, ndipo ukoko unaponenepa.

Jambo la mafuta nalo linatuponza. Tukiona ngozi imekauka tunapaka, tunaacha, kesho tunaongeza, kumbe tunamlisha yule fangasi na kuyagandisha magamba. Mafuta ni ya kulainisha tu. Paka kidogo mafuta ya watoto, ngoja kama dakika 15, pitisha burashi laini taratibu, kisha osha mafuta yote yatoke. Mafuta ya karanga msitumie, kwa sababu ya mzio.

Sasa lile lililonifanya niandike. Mwanangu wa kwanza nilimkwangua kwa kucha. Nilikuwa binti mdogo, nimeona aibu mbele za watu, nikataka kichwa kiwe safi siku ile ile. Ngozi ilichubuka, ikatoa damu, na siku ya pili ikaanza kutunga usaha. Kilio chake bado nakikumbuka. Gamba lisilotoka leo liacheni, hata kama wageni wako mlangoni. Likitoka na nywele chache msishtuke, zitaota tena. Kwa watoto wengi hali hii huisha yenyewe kabla ya kutimiza mwaka.

Ila mkiona ngozi imevimba, inatoa damu au majimaji, mtoto anajikuna, au vipele vimesambaa mwilini, mpelekeni kwa daktari. Huenda ni ukurutu, au mapunye, au vijidudu vimeingia, na kila kimoja kina tiba yake. Shampuu ya mba ya watu wazima, au krimu aliyoandikiwa mtoto wa jirani, msimpake kabla daktari hajamwona.

Ni mimi mama yenu, ninayewapenda.