Mabula, gonga mapema

Kirumba, Mwanza
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mwanangu Mabula,

Mwangaluka. Sisi hatujambo, mama yako hajambo, ni joto tu. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu kwenye daftari la hesabu za mbao, na Kulwa ataipiga picha ukurasa kwa ukurasa akutumie kwenye simu. Usimpigie kumuuliza nilikuwa na hali gani nilipokuwa naandika. Nilikuwa mzima.

Mkeo alitupigia Ijumaa. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana, maana sauti yake haikuwa ile tuliyoizoea. Ndipo tukajua mawili kwa mpigo: kwamba unakwenda Nairobi kushindana katika hiyo jujitsu yako na zimebaki wiki mbili, na kwamba wiki nzima iliyopita ukiitwa kwa nyuma ulikuwa unageuka mwili mzima kama mtu aliyejitwika ndoo, kwa sababu ya shingo. Nilimuuliza swali moja tu: aligonga, yaani alipiga kiganja kusema basi, nimeshindwa? Akasema hajui, wewe umemwambia ni mazoezi tu. Basi nakuuliza wewe. Ulipokabwa hivyo, uligonga au hukugonga?

Sikukatazi. Mwaka jana ungeniuliza ningekukataza, na nadhani ndiyo maana hukuniuliza. Mtu wa miaka 44, mhasibu, baba wa watoto wawili, anavaa gi, hilo vazi lenu la mazoezi, na mkanda mweupe wa wanaoanza na kugaragazwa chini na vijana wa chuo: niliona ni utoto umekurudia. Lakini Desemba niliuona mwili wako. Umepungua kilo 11, sukari imeshuka, na ulipanda ngazi za mawe kutoka barabarani hadi hapa kwetu na mzigo wa mama yako mkononi bila kupumzika pale kwa muuza mkaa. Niliona, ingawa sikusema. Pale mwaloni, boti zinapotia nanga, nimeshawaambia wote kwamba mwanangu anacheza jujitsu ya Brazili. Wakiniuliza hiyo ni karate ya namna gani, nawaeleza vizuri kwamba hakuna ngumi wala teke, ni kushikana, kuangushana na kufungana viungo hadi mmoja aseme basi.

Kuna jingine lililonigusa, nalisema mara moja tu. Mwalimu wako ana miaka 27 na unamwinamia kabla ya somo. Boti za faiba zilipoanza kuingia ziwani, kijana mmoja alikuja hapa karakana akataka kunionyesha namna ya kupaka ile gundi na vitambaa vyake. Nilimwambia nilikuwa naunda mitumbwi kabla baba yake hajaoa. Leo yule kijana ana vibarua sita, na mimi nazibia watu boti kuukuu zinazovuja. Kwa hiyo kuketi kwako chini ya mdogo wako ukajifunza, hapo umenizidi.

Lakini kugonga, Mabula. Kugonga.

Sisi machungani tulipiga mieleka, na kanuni ilikuwa moja: mgongo ukigusa ardhi umeshindwa, unainuka, unakung'uta vumbi, mnaanza upya. Mchezo wenu sivyo. Kwenu aliyelala chali bado ana vita, ana miguu yake ya kumzuia mwenzake, mnaita gadi. Nililipenda hilo uliponieleza. Ila maana yake ni kwamba hakuna ardhi ya kukuamulia. Kinachosema basi ni kiganja chako mwenyewe. Kikinyamaza, mchezo unaendelea mpaka kiungo kiseme kwa niaba yake.

Kile kisa cha Hélio Gracie, yule Mbrazili mmoja wa waanzilishi wa mchezo wenu, nimekuwa nakitafuna tangu uliponipa. Wewe ulikileta kama kisa cha ushujaa: Oktoba 1951, uwanja wa Maracanã kule Rio de Janeiro, Mjapani Masahiko Kimura anaukunja mkono wake nyuma ya mgongo, na Hélio hagongi, hata mkono unapovunjika hagongi. Mpaka leo mkunjo ule mnauita kimura, kwa jina la aliyevunja, si la aliyevumilia. Mimi nilisikia kitu kingine katika kisa hichohicho. Nilisikia kwamba kaka yake, Carlos, alikuwa pembeni na akarusha taulo. Hélio hakusema basi, kaka akasema kwa ajili yake, na mzee yule akaishi hadi 2009, akafa na miaka 95.

Nairobi nani atakurushia taulo? Nijibu hilo kabla hujapanda basi. Nitajie jina la mtu.

Kuna mtu aliwahi kuwa na taulo mkononi akalikalia siku tatu, na mkono wako wa kushoto unamjua. Sitaki kulirefusha. Ulipoumia mkono ule ungali mtoto nilikuambia jikaze, kwa sababu ndivyo nami nilivyoambiwa, ukajikaza, nikakusifu mbele ya watu kwa kutolia. Hiyo sifa ndiyo ninayoiogopa. Naona kama bado unaifukuzia.

Ngoja nikueleze kwa kazi ninayoijua. Ubao wa ubavuni mwa boti lazima upindwe. Tunaumwagia maji ya moto, tunaubana na jiriwa kwenye mataruma, tunakaza kidogo kidogo. Ukikaribia kukataa, unalia. Si mlio wa kupasuka, ni mlio mdogo, kama mtu kakanyaga ganda la karanga chumba cha pili. Fundi anayejua analegeza hapohapo, nusu mzunguko, anamwaga maji tena, anangoja. Fundi mwenye haraka anasema mbona haujapasuka. Kweli haujapasuka. Anakaza tena, na safari hii mlio unafika mpaka mwaloni, ubao umekuwa kuni. Ubao mbichi unasamehe. Uliokaa miaka mingi juani hausamehe. Hao unaoshikana nao mazoezini wana miaka 25, wewe una 44.

Sasa nakuambia jambo ambalo mama yako halijui. Siku ile ya mkeka hapa uani, uliponionyesha mchezo wako kwa kunifunga bega, uliniambia, baba, ukisikia inavuta, gonga. Nilisikia inavuta. Halafu nikausikia ule mlio wa karanga ndani ya bega langu mwenyewe. Sikugonga, kwa sababu wajukuu walikuwa wanaangalia. Ukaachia kwa hiari yako ukidhani bado hatujafika. Januari nikaenda kliniki, nikamuaga mama yako kwamba nafuata misumari mjini. Daktari akasema kano ya bega imechanika kiasi, haihitaji kisu, ila itachukua miezi, na kwa umri wangu huenda nguvu zisirudi zote. Hadi leo randa naisukuma kwa mkono wa kushoto, na ndoo anabeba Kulwa. Wala usijilaumu, wewe uliniambia la kufanya. Mkono wangu mmoja ulikuwa huru kabisa, shubiri moja tu kutoka kwenye mkeka. Niliuona pale ulipo. Nikauacha.

Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwa simu ningesema yote mengine na hilo ningelimeza.

Na hiyo ni bega. Roba ndiyo inayoninyima usingizi. Huku kwetu roba ni ya vibaka wa vichochoroni, na watu wamekufa nayo. Ulinieleza kwamba ya kwenu hubana mishipa ya damu pande mbili za shingo, si koo, na kwamba ikikaa sawasawa mtu huzimia ndani ya sekunde 10 hivi. Ulisema hivyo ili nitulie. Sekunde 10! Ukianza kujiuliza kama imekaa au haijakaa, nusu yake imeshakwenda. Gonga ungali unalijua jina lako. Mikono yote ikibanwa, gonga kwa mguu. Mguu ukibanwa, sema kwa mdomo, si ulisema sauti nayo inahesabiwa?

Hiyo shingo ipimwe kabla ya safari. Si kuchuliwa na mtu wa jimu, nasema daktari. Ukiwa na ganzi mkononi, au kizunguzungu, au kichwa kinauma upande mmoja, Nairobi huendi, na huyo mwalimu wako nitampigia mimi mwenyewe. Namba mkeo ameshanipa.

Mkeo alinisomea na zile kanuni. Kwamba utapangwa na watu wa miaka 41 hadi 45, pambano dakika 5, na wa mkanda mweupe haruhusiwi kumnyonga mwenzake kisigino wala kumfunga goti. Nilipata ahueni kidogo. Kisha nikauliza roba je? Inaruhusiwa. Kimura je? Inaruhusiwa. Ahueni ikaisha. Wewe mwenyewe umesema mkanda mweusi huchukua kama miaka 10. Maana yake utaufunga ukiwa na 54, Mungu akipenda, na mimi nikiwapo nitakuja kukuona. Mtu mwenye miaka 10 mbele yake anakimbilia nini katika pambano la kwanza? Na usinitumie tena habari za Anthony Bourdain, yule mpishi wa Marekani aliyeanza akikaribia miaka 60 akashinda New York mwaka 2016. Nimezisoma, na namheshimu. Naamini kabla ya siku ile aligonga mara nyingi sana mazoezini, ila huko hakuna aliyempiga picha.

Gi lako lifuliwe kila baada ya mazoezi, lisilale kwenye begi. Ile choa ya mtoto shingoni mmeitoa kwenye hiyo mikeka yenu, msimsingizie paka.

Ya hapa nyumbani. Bati la upande wa jikoni limetoboka pale ulipokanyaga ukifunga dishi. Sikusema wakati ule. Vuli ikianza tutakinga sufuria, na mama yako hapendi kuamka kumwaga sufuria. Ukijaliwa, tuma pesa ya bati tatu, geji 28, misumari ninayo. Mpangaji wa chumba cha mbele amelipa miezi miwili, bado mmoja, namvumilia kwa kuwa mkewe amejifungua. Maji yanatoka usiku wa manane, siku mbili kwa wiki, tunaamka kujaza tenki. Shangazi yako wa Sengerema sasa anakuja kila mwezi. Zamani ilikuwa foleni ya kivuko, lakini tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa, anapanda gari asubuhi na chai anakunywa hapa. Analeta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka tunagawa kwa majirani. Ya kwako mama yako ameitenga.

Presha ya mama yako iko sawa. Vidonge anakunywa kila asubuhi, nami nasimama hapo mpaka ameze. Anauliza mbona siku hizi humpigii Jumapili. Nilimwambia Jumapili una mazoezi. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Mpigie, Mabula. Dakika tano. Hata pambano lako ni dakika tano. Habari ya bega langu usimguse nayo, nitamwambia mwenyewe, nimejipa hadi mwisho wa mwezi.

Nirudi pale pale. Najua ukiingia ulingoni kutakuwa na watu wanapiga kelele, labda na mtoto wako anaangalia kwenye simu ya mama yake. Na mimi wakati ule nilikuwa naangaliwa. Utasikia sauti ikikuambia ongeza kidogo, vumilia kidogo, huenda akachoka. Sauti hiyo naijua, ni yangu, nilikutia mimi masikioni ungali mdogo. Leo naomba uinyime. Mwenzako akishakufunga kiungo sawasawa, si lazima umsubiri athibitishe. Gonga mara mbili, mpe mkono, inuka, vaa vizuri mkanda wako.

Ukishinda, mpigie mama yako kwanza, apate kuwatangazia watu wa jumuiya. Ukigonga, nipigie mimi, hata ikiwa usiku, uniambie ulishikwa wapi na uligonga kabla ya nini. Sijawahi kukusifu kwa kusema basi, na nafasi hiyo naitaka.

Mzigo nimempa kondakta wa basi la Jumanne. Mfuko mdogo ni dagaa, uanikwe tena siku moja kabla ya kuweka kabatini, huu wa safari hii haukukauka vizuri. Uliofungwa kwa gazeti ni michembe ya watoto. Kaupokee mwenyewe stendi, lakini kuubeba mwachie wa bodaboda. Ni kilo kumi na mbili, na hiyo shingo bado haijapimwa.

Ni mimi baba yako.